Binti Aliyefeli kwa Kupata Yote

Haya si ya zamani. Ni ya juzijuzi tu, na mkiwahi mtakuta hata viti havijapoa.

Nchi yenyewe siitaji jina. Msinielewe vibaya, siogopi mtu. Ni kwamba ramani inaiita hivi, stempu zinaiita vile, na Kamati ya Jina iko kwenye mapumziko ya chai tangu mwaka wa tatu wa Uhuru. Nitasema "nchi yetu". Kama kuna mahali mtahisi mmewahi kupita, hayo ni ya kwenu, mimi simo.

Yote yalianza na chapati. Asubuhi moja Mtukufu Kiongozi alikuwa mezani akisikiliza redio, na mchumi wa serikali alikuwa akieleza jinsi unga wa ngano ulivyoshuka bei. Hapohapo mpishi akaingia na chai kavu.

"Chapati iko wapi?" akauliza Mtukufu.

"Unga umepanda, Mtukufu."

Mtukufu akanywa chai kavu, na chai kavu ikamfikirisha. Akampigia simu mtaalamu wa hali ya hewa, akaambiwa mvua itanyesha saa nne. Akamuuliza mtunza bustani, akaambiwa hainyeshi leo wala kesho. Daktari wake wa kwanza alikuwa amemwambia apunguze chumvi, wa pili alikuwa amemwambia aongeze, na usiku mzima alikuwa anakula chumvi kwa zamu.

"Nchi moja!" akapiga meza. "Bendera moja, wimbo mmoja, mimi mmoja! Kwa nini majibu yawe mawili?"

Wiki iliyofuata ikapitishwa Sheria ya Msimamo Mmoja: hakuna mwananchi atakayesema jambo na kinyume chake, awe amesimama, ameketi au amelala. Ilipita kwa kura zote, zikiwemo za wabunge ambao hawakuwapo. Ikaundwa Wizara ya Ulinganifu, yenye makao makuu mawili.

*

Wizara ikaanza na mitihani ya kidato cha nne, kwa sababu wanafunzi hawana wakili.

Idara ya Ulinganifu wa Majibu ilipewa jengo lililokuwa kiwanda cha sare, na cherehani zilikuwa bado zimo. Basi zikatumika; kwetu mipango hupangwa kwa kuangalia kilichopo stoo. Karatasi za kila mtahiniwa, kuanzia Hisabati hadi Uraia, zilivuliwa majalada yenye majina ya masomo ili kuondoa upendeleo, kisha zikashonwa kuwa furushi moja. Fundi Nyambi, mzee mpole aliyekuwa anashona kola za polisi, akateuliwa Mshonaji Mkuu wa Majibu. Kazi yake ilikuwa kushona, kisha kusoma furushi zima kwa sauti, kwa pumzi moja, kama vile ni mtu mmoja anazungumza. Mtu akijipinga popote, anagongwa muhuri.

Mimi sikupata tabu. Niliandika "Sijui" kuanzia swali la kwanza la Hisabati mpaka la mwisho la Uraia, hata pale walipouliza jina la shule. Nikapata Daraja la Kwanza lenye Nyota. Waliosoma furushi langu walisema hawajawahi kukutana na kijana mwenye msimamo kama mimi. Wenzangu waliofeli Jiografia peke yake nao walipita vizuri, kwa sababu makosa yao yalikubaliana na Uraia.

Aliyefeli darasani kwetu alikuwa mmoja tu: Zawena Kipande, aliyepata kila swali la kila somo.

Zawena ni binti wa kijiji chetu cha Mapande, mrefu, macho makavu, mtu asiyecheka mpaka kwanza ahakikishe jambo linachekesha. Siku furushi lake liliposomwa, sauti ya Fundi Nyambi ilisikika mpaka barabarani:

"Nuru husafiri kama wimbi nuru ni chembechembe binadamu ni mnyama binadamu si mnyama ndiyo maana anapiga kura nchi yetu hukumbwa na ukame miaka mitatu kati ya mitano nchi yetu haijawahi kuwa na ukame na wala haitarajii..."

Sindano ikakatika. Muhuri ukagongwa: AMEJIPINGA.

Sasa, Zawena alikuwa ameshakubaliwa Chuo cha Uuguzi cha Lusanje, kwa sharti apeleke cheti kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Zahanati ya Mapande ina kitanda kimoja, mizani moja na muuguzi hakuna; anayetoa sindano ni mlinzi, na huwa anafumba macho. Mama yake Zawena, ambaye hutembea saa mbili kufuata maji, alimfungia viazi kwenye kitambaa, akamwambia mlangoni:

"Zawena, utarudi na karatasi, au utarudi ushike ndoo. La tatu sina."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamsindikiza mjini, maana na mimi nilikuwa nakwenda kuchukua nishani yangu ya msimamo.

*

Mkurugenzi wa Idara alikuwa Bwana Chilumba, mtu wa tai mbili: moja aliivaa, nyingine ilikuwa mfukoni endapo sera ingebadilika mchana.

"Shikamoo, Mkurugenzi," akasema Zawena.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye uliyejipinga?"

"Mimi ndiye niliyepata yote."

"Ndiyo, ndiyo maana yake." Bwana Chilumba akalifungua furushi kwa huzuni, kama mtu anayefunua mgonjwa. "Kwanza hapa umesema binadamu ni mnyama."

"Hilo ni swali la Biolojia. Jibu liko ukurasa wa sita wa kitabu cha serikali."

"Halafu hapa umesema si mnyama."

"Hilo ni la Uraia. Liko ukurasa wa sita wa kitabu cha serikali."

"Unaona? Sasa mimi nikuamini wapi?"

"Mzee, hivyo vitabu si vyenu?"

"Vitabu havikufanya mtihani, binti. Wewe ndiye uliyefanya."

Hata hivyo Bwana Chilumba si mtu mbaya. Ana mabinti watatu, na mmoja wao anamsikiliza. Akatoa karatasi ya rangi ya waridi. Mipingano ya mnyama na ya nuru, akasema, angeifunika yeye mwenyewe kwa wino. Ukame ndio uliomshinda, kwa sababu ukame una wizara. Kwa hiyo Zawena ajaze Fomu ya Kukiri Kosa Moja. Achague jibu moja tu la ukame, aseme lilikuwa kosa, atie sahihi, apewe cheti chake saa hiyohiyo.

Zawena akashika kalamu haraka. Kisha akaiweka chini.

"Nikisema nimekosea kwenye Uraia?"

"Utakuwa umesema serikali ilikosea kusema hakuna ukame. Hiyo si kazi ya Idara yangu tena, hiyo ni ya wale jamaa wa gari jeupe."

"Na nikisema nimekosea kwenye Jiografia?"

"Hapo safi kabisa! Nakala moja inabaki hapa, nakala nyingine inakwenda Wizara ya Maji." Akageuza fomu aone vizuri. "Kwamba mkazi wa Mapande amekiri kwa sahihi yake kwamba Mapande hakuna ukame."

"Halafu lile gari la maji la kila Alhamisi?"

"La nini tena, na ukame hakuna?"

Nikamtazama Zawena. Zawena alikuwa anaitazama ile fomu kama vile ndani yake anamwona mama yake na ndoo mbili.

"Kwani kujipinga ni nini?" akauliza ghafla.

"Kujipinga ni... aa, binti, kila mtu anajua."

"Sheria imeandika wapi?"

Bwana Chilumba akafungua sheria. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaipekua kama inaweza kudondosha kitu. Sheria ilikuwa imekataza kujipinga katika vifungu arobaini, na hakuna hata kimoja kilichosema kujipinga ni nini. Ila kifungu cha mwisho kilisema mwananchi akiuliza, liitwe Jopo la Wataalamu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Basi naomba Jopo," akasema Zawena, na akaketi.

*

Jopo likakutana Alhamisi asubuhi kwenye ukumbi wa cherehani: Profesa Mwasiti wa Hisabati, mama mfupi mwenye chaki nyuma ya sikio, pamoja na mwanasheria, daktari na mwanahistoria. Waziri wa Ulinganifu, Mheshimiwa Ntandala, alikuja mwenyewe kufungua kikao. Alichelewa kidogo kwa sababu alikuwa na hotuba mbili asubuhi hiyo, na viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Ndugu wataalamu," akasema, "elimu ni mwili mmoja. Haifai mguu useme kaskazini na tumbo liseme kusini, huku masikio yakisubiri maelekezo na pua ikiwa imeshatangulia! Nipeni maana moja ya kujipinga. Ninayo dakika kumi."

Mwanasheria akaanza. "Rahisi sana. Shahidi akisema aliona fimbo, baadaye akasema aliona panga, mtupeni nje na ushahidi wake wote, hata jina lake tusiliamini."

"Kwangu mimi huyo ndiye wa kuaminika," akadakia mwanahistoria. "Mashahidi wawili wakilingana neno kwa neno, najua wamelala nyumba moja wakifundishana. Kujipinga kidogo ndiyo harufu ya ukweli."

"Harufu haipokelewi mahakamani, Bwana."

"Ndiyo maana mahakama yenu haijui harufu yake."

Daktari akakohoa. "Mimi mgonjwa akija anatetemeka kwa baridi, baada ya saa moja anawaka moto, simfukuzi kwamba amejipinga. Nampima malaria. Vitu viwili vinavyopingana, ugonjwa mmoja."

"Kwa hiyo huyu binti ni mgonjwa?" akauliza Waziri, kalamu tayari.

"Binti mzima. Nchi ndiyo ningependa kuipima."

Waziri akaifunika kalamu. Akamgeukia Profesa Mwasiti kwa matumaini, kwa kuwa watu wote wanajua hesabu haina maneno mengi.

"Kwetu ni msiba," akasema Profesa, akiinuka kuelekea ubaoni. "Kwa hawa wenzangu, mpingano mmoja ni doa. Kwetu, ukiuruhusu mmoja tu, nyumba nzima imeanguka. Unaweza kuthibitisha kitu chochote."

"Chochote?" akauliza Zawena kutoka pembeni.

"Chochote, mwanangu. Njoo uone."

Akaandika ubaoni: *Nchi ina ukame, au Zawena amefaulu.* Akageuka. "Ninasema angalau moja kati ya haya mawili ni kweli. Nadanganya?"

"Hudanganyi," akasema mwanasheria. "Jiografia ya serikali inasema ukame upo. La kwanza ni kweli, basi inatosha."

"Vizuri. Na Uraia wa serikali unasemaje?"

"Hakuna ukame."

Profesa akafuta maneno *Nchi ina ukame*. "Basi la kwanza limeondoka. Na tulikubaliana lazima moja liwe kweli. Limebaki lipi?"

Ukumbi mzima ukasoma: *Zawena amefaulu.*

Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu, na nikaacha polepole, kama mtu aliyekuwa anafukuza mbu.

"Hiyo ni hila ya chaki!" akasema Bwana Chilumba. "Jaribu na kitu kingine!"

Profesa hakubisha. Akaandika: *Nchi ina ukame, au Mkurugenzi Chilumba ni mbuzi.* Akainua dasta taratibu.

"Usifute!" akapiga kelele Bwana Chilumba. "Mama Profesa, nakuomba, nina familia!"

Waziri akagonga meza. "Imetosha! Sasa mmeona hatari ya huyu binti? Mtoto mmoja anajipinga, mtumishi wa umma anakaribia kula majani! Hukumu ni moja: amefeli. Kiongozi huzungumza neno moja, asubuhi, mchana na jioni. Mimi mwenyewe ni mfano."

Zawena akasimama. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha viazi kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, naomba kitu kidogo. Hotuba zako mbili za leo asubuhi zishonwe."

"Nini?"

"Zishonwe tu. Zisomwe kwa pumzi moja, kama zangu."

Waziri akacheka kicheko cha kutafuta mlango. Lakini Fundi Nyambi alishasikia neno "zishonwe", na Fundi Nyambi ni mtumishi mtiifu: akisikia hilo neno, mguu unakwenda wenyewe. Hotuba zilikuwa juu ya mkoba wa Waziri. Cherehani ikalia *krrrr*. Mzee akavuta pumzi, akasoma:

"Waheshimiwa wafadhili nasimama mbele yenu nikilengwalengwa na machozi nchi yetu imekauka watoto wanalamba mawe tunaomba msaada wa haraka ndugu wananchi leo nafungua Chemchemi hii ya Taifa maji yakiruka mita kumi kuwaumbua wazushi wanaosema eti kuna ukame..."

Sindano ikakatika.

Hapo ndipo tulipoelewa viatu vilivyolowa. Ile chemchemi tulikuwa tumeipita asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara kuu, inaruka kwa fahari. Kando yake lilikuwa limeegeshwa gari lenye maandishi ubavuni, MAJI YA MAPANDE, na mpira wake ulikuwa umeingia ndani ya chemchemi. Alhamisi, kumbe, lilikuwa limepata kazi nyingine. Zawena alichota chupa moja, akaifunga vizuri, tukaenda zetu.

Mwanasheria akavua miwani. "Kifungu cha tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Anayejipinga huvuliwa cheo."

Bwana Chilumba akabadilisha tai.

"Ndugu zangu," akasema Waziri hatimaye, na sauti yake ilikuwa imelainika kama uji wa mgonjwa, "tusiharakishe. Kwani kujipinga ni nini hasa? Nimevutiwa sana na mwanahistoria. Harufu ya ukweli! Na daktari naye, vitu viwili, ugonjwa mmoja. Yaani, afya moja."

"Kwa hiyo Mheshimiwa hajajipinga?" akauliza Profesa.

"Mimi nina mtazamo mpana."

"Basi na binti ana mtazamo mpana."

"Sheria lakini haijafutwa..." akanong'ona Bwana Chilumba.

"Na dasta ninayo bado," akasema Profesa Mwasiti.

Wakajifungia. Kupitia ukutani tukasikia sauti zikipanda na kushuka, kiti kimoja kikianguka, na mtu akisema "mbuzi" mara mbili. Saa kumi jioni wakatoka na uamuzi ulioheshimu taaluma zote kwa pamoja. Kwa kuwa kwa mujibu wa historia na tiba binti hajajipinga, amefaulu. Kwa kuwa kwa mujibu wa sheria amejipinga, amefeli. Serikali isingependa kuibagua taaluma yoyote.

Zawena akapewa cheti kizuri chenye ngao ya taifa. Upande wa mbele kimeandikwa AMEFAULU, alama za juu, masomo yote. Upande wa nyuma, kwa wino wa rangi ileile na muhuri uleule, kimeandikwa AMEFELI.

"Ukitaka karatasi mbili, utasubiri miezi sita," akasema Bwana Chilumba. "Tuna upungufu wa karatasi. Rasmi, hatuna."

*

Ijumaa tulifika Lusanje saa tisa na robo. Dirisha la usajili lilikuwa na mama mmoja mnene, Mama Ndimbo, miwani imefungwa kamba, kalamu nne kifuani. Juu yake feni ya darini ilikuwa inazunguka kwa hasira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Cheti."

Zawena akakilaza mezani, mbele juu, nyuma chini, akakikandamiza kwa vidole viwili.

"Toa mkono, nisome."

Zawena akatoa mkono. Feni ikavuma. Pembe moja ya cheti ikaanza kuinuka taratibu, kama mtoto aliyejifanya amelala. Mimi nilifumba macho kama mlinzi wa zahanati yetu.

Nilipofumbua, chupa ya maji ilikuwa imeketi juu ya pembe ile.

Mama Ndimbo akasoma alama moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Akaitazama saa ya ukutani: tisa na dakika ishirini na sita. Akaitazama chupa. Akaishika shingo.

"Maji safi haya. Umeyatoa wapi, na redio asubuhi imesema kuna ukame?"

"Redio ya jana, mama, ilisema hakuna," akasema Zawena.

"Mimi nakuuliza wewe. Upo au haupo?"

Nilimwona Zawena anafikiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote.

"Mama," akasema kwa adabu, "unaniuliza kwa somo gani?"

Mama Ndimbo akamtazama juu ya miwani. Akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha akanyanyuka na kwenda kuzima feni. Aliporudi alikuwa na muhuri mkononi.

Akagonga mara moja, palepale mezani, bila kuisogeza chupa.

"Bweni la tatu, kitanda karibu na dirisha," akasema. "Na hiyo karatasi, mwanangu, usiigeuze mpaka umalize mwaka wa tatu. Hata mimi yangu iko ukutani, upande wa nyuma nimeugandisha kwa gundi."